Dawa ya Ng'ombe kwa Mbwa wa Kilo 3

Mbwa akianza kunyonyoka manyoya na kujikuna hadi damu kule Mbagala, Chamazi au Bunju jijini Dar es Salaam, ushauri wa kwanza atakaoupata mwenyewe ni mpake oili chafu. Fundi wa gereji anayo kwenye dumu, haina bei, na mbwa aliyepakwa huonekana kupata nafuu baada ya siku chache. Nafuu hiyo ina sababu: utitiri unaochimba ngozi hukosa hewa chini ya mafuta mazito. Kusini mwa Marekani nako wafugaji wa mbwa wa kuwinda wamepaka oili iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi, wala hawakujifunza kwetu. Kilichowaunganisha na watu wa Mbagala ni aina ya mgonjwa. Wote walikuwa na mbwa mkubwa, wa nje, mwenye mwili wa kuvumilia kosa.

Mbwa huyo hujiramba, humeza oili yenye masalia ya risasi na zinki, ngozi yake huungua, na mara nyingi anapita salama. Lakini miaka hii nyuma ya mageti ya Tegeta, Mbweni na Toangoma kuna mgonjwa mwingine: Maltese, Pomeranian, Chihuahua, au chotara wao. Ana kilo 3. Kwa kila kilo ya mwili wake ana ngozi nyingi kuliko mbwa wa kilo 25, kwa hiyo anafyonza zaidi, na akijiramba anameza zaidi kwa uzito wake. Mila zote tunazomtibia zilikua juu ya miili mingine, na zilipohamia kwake hazikubadilishwa kipimo. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kuliko kwenye upele wenyewe.

Mila tajiri kuliko zote hapa nchini ni ya wafugaji wa ng'ombe. Wamaasai walikuwa na jina la ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe: oltikana, muda mrefu kabla ya maabara. Daktari Mjerumani Robert Koch alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 aliona vimelea vidogo kwenye damu ya ng'ombe, akadhani ni hatua mojawapo ya homa iliyokuwa ikijulikana Texas. Ilichukua miaka kadhaa, na kazi ya daktari wa mifugo Arnold Theiler huko Afrika Kusini, kuthibitisha kwamba huo ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Vita dhidi ya kupe wa ng'ombe ndivyo vilivyotupa majosho, na majosho yakatupa duka la dawa za mifugo ambalo leo liko karibu na kila stendi. Kwa hiyo mwenye mbwa mdogo anapoingia dukani, anaingia kwenye nyumba ya ng'ombe.

Nimesimama kwenye kaunta ya namna hiyo nikasikiliza. "Dokta, naomba dawa ya kupe." "Ya ng'ombe, mama?" "Ya mbwa." "Mkubwa?" Mama akaachanisha viganja, kiasi cha mkate wa boflo. Muuzaji akatoa chupa ya amitrazi: "Kifuniko kimoja kwenye ndoo, mwogeshe." Ndoo ya lita ngapi, hakuna aliyeuliza. Amitrazi ikizidi hupunguza mapigo ya moyo na kumlaza mbwa kama mlevi, na Chihuahua ni miongoni mwa mbwa wanaotajwa kwa jina kwenye tahadhari zake.

Hesabu ya ivamektini, dawa ya vimelea, inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ile ya sindano ya asilimia 1, inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe, hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Ukiishusha kwa uwiano huohuo hadi kilo 3 unapata mililita 0.06, yaani tone moja hivi. Tone la pili limeshafanya kipimo kuwa maradufu, na bomba la sindano la mililita 5 lililozoeleka halina hata mstari wa kukuonyesha. Naitoa kama hesabu tu, si kama maelekezo ya tiba, kwa sababu kuna jingine: mbwa wengi wa ukoo wa Collie wana kasoro ya jeni, iliyotambuliwa Marekani mwaka 2001, inayoacha dawa hii ipenye hadi kwenye ubongo. Chotara aliyenunuliwa barabarani hana cheti cha kukueleza babu zake.

Ulaya ilimlea mbwa mdogo kwa njia tofauti. Mwaka 1570 John Caius, tabibu wa Cambridge, aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya mbwa wa Uingereza, akawataja vijibwa waliobebwa kifuani na mabibi, wakiaminiwa kutuliza maumivu ya tumbo. Mbwa alikuwa dawa ya binadamu! Ukaribu huo ulizaa tabia ninayoitamani: kumchungulia mnyama kila siku, masikio, meno, katikati ya vidole. Baadaye ukazaa boksi la dawa lenye kilo zilizochapwa juu yake, kuanzia hizi hadi hizi.

Lakini mila hiyo nayo ina kwao. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi mwilini mwa mbwa muda wote. Hunyonya, hudondoka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Dar es Salaam haina baridi ya kumsimamisha, na tone la dawa la kila mwezi shingoni haliwezi kushinda banda lililojaa. Hapa mtaa unajua zaidi kuliko boksi: ziba nyufa kwa saruji, paka chokaa, fua matandiko na uyaanike juani. Mzee anayefanya hivyo bila kununua dawa yoyote ameshatibu nusu ya ugonjwa.

Safari ya upande wa pili inafundisha vilevile. Basenji, mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka, alionyeshwa Uingereza mwaka 1895, na wale wa kwanza wakafa kwa distempa. Walikuwa wagumu kwao, wakaangushwa na ugonjwa wa wenyeji. Maltese wa Mbweni yuko kwenye hali hiyohiyo akikutana na homa ya kupe, huku jirani yake mbwa wa mtaani, aliyeponea utotoni, akitembea tu.

Mila ya pwani ya Kiislamu mara nyingi huachwa nje ya mazungumzo haya, na si haki. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo; Wamaliki wana msimamo mwepesi zaidi. Umbali huo unaikinga familia na minyoo ya mbwa, ambayo mayai yake humfikia mtoto kupitia mikono. Unachopunguza ni idadi ya mikono inayomgusa mnyama, na kupe wa ndani ya sikio huonekana siku amekwisha kuvimba. Hata hivyo mila hiyohiyo imehifadhi hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Nimeona nyumba za Temeke ambako kijana wa kazi hukagua mbwa kila jioni akiwa na glavu, kisha ananawa, na hakuna aliyevunja chochote.

Dawa za binadamu ndizo zinazonitia hofu kuliko zote. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kitunguu saumu, kinachosifiwa kwa minyoo, hupasua chembe nyekundu za damu zilezile ambazo homa ya kupe inazimaliza. Maji ya mwarobaini ya kuogeshea sina ugomvi nayo, mradi yaishie kwenye ngozi.

Kwa mwili wa kilo 3, tatizo dogo halibaki dogo kwa muda mrefu. Mbwa mkubwa akiharisha siku nzima utasubiri kesho. Kitoto cha Chihuahua kikikosa chakula kwa saa chache, sukari ya damu hushuka na mbwa huanza kuyumba; asali kidogo kwenye fizi humpa muda wa kufika kwa daktari. Fizi hizohizo zikiwa nyeupe badala ya waridi, acha dawa zote za nyumbani. Maabara ya Veterinari Tanzania iko Temeke yenyewe, na tone la damu chini ya darubini linaweza kuonyesha kilichoizidi akili ya dukani.

Kabla ya hapo kuna kazi isiyo na gharama. Wauza samaki wana mizani ya kuning'iniza. Kapu safi likipimwa tupu, kisha likiwa na mbwa, unapata uzito wake. Uandike na tarehe nyuma ya kadi ya chanjo, uende nao dukani, na umpime tena baada ya wiki mbili ikiwa bado anakua.