Impakti ya betri katika useremala wa nyumbani, pwani ya Bagamoyo

Impakti ya betri ni mashine ya mkononi ya kukaza na kulegeza skrubu ambayo, tofauti na drili ya kawaida, haizungushi tu bali pia hugonga: ndani yake mna nyundo ndogo ya chuma iliyobanwa na springi, na skrubu inapogoma nyundo hiyo hurudi nyuma kisha huipiga fuawe kwa ubavu, kwa kawaida mara 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Kwa kuwa mapigo hayo hufuata mzunguko wa skrubu, mkono wa fundi hausokotwi, wala biti haichomoki ovyo na kuchubua kichwa cha skrubu. Mashine hii isichanganywe na drili ya nyundo, ambayo hugonga kwenda mbele na kazi yake ni kutoboa zege au kuta za mawe ya matumbawe zilizojaa katika mji mkongwe wa Bagamoyo.

Kabla ya umeme, maseremala wa Bagamoyo, Saadani na Pangani walitoboa kwa keke, chombo ambacho chuma chake chenye ncha, yaani kekee, hukazwa katika kijiti kiitwacho msukano, na msukano huo huzunguka ndani ya kishikio kiitwacho jivu kwa kuvutwa huku na huku na uta wenye kamba. Waunda majahazi walitangulia kutoboa ndipo wakapigilia msumari, kwa sababu ubao mgumu usiotobolewa hupasuka, na kanuni hiyo haikufutwa na ujio wa zana za betri, ambazo zilianza kwa drili ya Black & Decker ya mwaka 1961 yenye betri ya nikeli na kadimi, zikapata wepesi wake wa leo baada ya betri za lithiamu kuingia katika zana hizi miaka ya 2000.

Anayechagua impakti pwani hii hana budi kuanza na mbao. Paini ya Sao Hill, Mufindi, hupokea skrubu bila ubishi, lakini mninga, mvule na hasa mkongo, ambazo ndizo mbao za milango, vitanda na makabati ya kudumu, hutaka tundu la mwongozo: kwa skrubu ya milimita 4 hutobolewa tundu la milimita 2.5 hadi 3, na nta kidogo ikipakwa kwenye meno ya skrubu kazi hurahisika zaidi kuliko kwa kuongeza nguvu ya mashine. Sabuni ya mche nayo hulainisha, ila huvuta unyevu, na unyevu wenye chumvi ya bahari huitia skrubu kutu ikiwa ndani ya ubao. Skrubu nyeusi za jipsamu, zinazopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, hazifai kwa mbao hizo, maana chuma chake kimekomazwa kiasi kwamba hukatika shingo badala ya kupinda, na kipande kilichobaki ndani ya mkongo ni kazi ya nusu siku kukitoa.

Kwa hiyo tarakimu kubwa inayotangazwa kwenye boksi, yaani nguvu ya msokoto inayopimwa kwa nyutoni-mita, ndiyo yenye msaada mdogo kuliko zote. Impakti nyingi za volti 18 hutajwa kuwa na nyutoni-mita 140 hadi 200, ilhali skrubu za kabati au bawaba huhitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Kinachofaa zaidi ni kitufe kinachoitikia kidole taratibu na kasi zenye ngazi mbili au tatu, ili kichwa cha skrubu kisizame ndani ya ubao. Mwenye fedha ya mashine moja tu, kusema kweli, afadhali anunue drili yenye klachi, kwa kuwa hutoboa na kukaza pia, kisha impakti ifuate.

Jambo zito ni betri, kwani anayenunua mashine ya kwanza huwa amechagua pia betri ya msumeno na randa atakazonunua baadaye. Betri ya volti 18 na ile iliyoandikwa 20 ni kitu kimoja: zote zina seli tano zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikiwa na wastani wa volti 3.6 inapofanya kazi na zaidi ya 4 inapojaa. Maandishi kama 48VF au 88VF, yanayoonekana kwenye mashine za bei rahisi, si kipimo cha volti, na mara nyingi ndani mna seli tano zilezile. Ukubwa wa akiba husomwa kwa ampea-saa: betri ya volti 18 yenye 2 hubeba wati-saa 36, nayo hutosha kazi za nyumbani, ilhali ya 4 au 5 mara nyingi huwa na seli kumi na huchosha mkono unaofanya kazi juu ya kichwa. Zana za mtumba kutoka Japani huja na chaja za volti 100, ambazo zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 huungua.

Mota isiyo na kaboni hugharimu zaidi, lakini haina vipande vinavyolika na hutumia betri kwa uangalifu. Alama za majina makubwa hughushiwa, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Hata hivyo kinga ya karibu zaidi ya mnunuzi ni risiti, pamoja na duka la Kariakoo au Bagamoyo penyewe lenye betri na chaja za aina hiyohiyo za kubadilisha.

Skrubu za shaba ya njano zinazoshika mapambo ya milango ya nakshi hazikazwi kwa impakti hata kidogo: hutangulizwa skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ichonge njia, kisha ile ya shaba huingizwa kwa bisibisi ya mkono.