"I am having": Kosa la Kiingereza linaloanzia kwenye Kiswahili

MTU anayeandika "I am having a diploma in accounting" katika barua ya kuomba kazi hajakosea tahajia wala msamiati. Hata hivyo, mwajiri anayesoma kwa makini atasita kwenye neno la tatu. Kosa hilo hutokana na kutotenganisha aina mbili za vitenzi vya Kiingereza: vitenzi vya kitendo na vitenzi vya hali.

Kitenzi cha kitendo hueleza jambo linalofanyika, kama vile "cook", "write" au "run". Kitenzi cha hali hueleza jambo lililopo tu, bila ya mtu kulitenda: "know", "own", "belong", "need". Kwa kawaida ni vile vya kitendo vinavyokubali umbo la "-ing" kwa wakati uliopo unaoendelea. Husemwa "She is cooking", lakini si "She is knowing". Huwa "She knows".

Kwetu sisi, "anapika" na "anajua" hubeba kiambishi kimoja, "-na-", na wanafunzi wengi hukariri kuwa "-na-" ndiyo "-ing". Tofauti yenyewe tunaijua vizuri. Ukiulizwa "Dada yako anafanya nini?" hutajibu "Anajua hesabu." Ila sarufi yetu haitulazimishi kuionyesha kwenye kitenzi.

Kiambishi "-me-" nacho kina mtego wake. Mlinzi "amesimama" mlangoni, mtoto "amelala", bosi "amevaa" koti. Kiswahili hapo huangalia matokeo ya tendo lililokwisha, ilhali Kiingereza huangalia jambo linaloendelea: "is standing", "is sleeping", "is wearing". Anayetafsiri neno kwa neno ataandika "The child has slept", na msomaji ataelewa kuwa mtoto ameshaamka.

Ugumu zaidi uko kwenye vitenzi vyenye sura mbili. "The butcher is weighing the meat" ni kitendo, lakini "The meat weighs two kilos" ni hali. "The cook is tasting the soup" ni kitendo. "The soup tastes salty" ni hali.

Hapa Kiswahili, kilichotuponza mwanzo, kinatusaidia. Muuza nyama anapima, bali nyama ina uzito. Mpishi anaonja, bali supu ina chumvi. "I think he is right" ni "nadhani", na "I am thinking about the rent" ni "ninawaza". "I have a car" ni "nina gari", lakini "I am having lunch" ni "ninakula chakula cha mchana", na ndiyo maana "having" hapo haina kosa. Mara nyingi pale Kiingereza kinapobadilisha umbo la kitenzi, sisi hubadilisha neno lenyewe. Si kanuni isiyovunjika, lakini kwa anayeandika barua usiku bila kamusi, inatosha kumshtua.

Wataalamu wamekwenda mbali zaidi ya mafungu mawili. Mwanafalsafa Zeno Vendler, katika makala yake ya mwaka 1957, aligawa vitenzi katika mafungu manne. Hali ilibaki fungu moja, na vitendo vikagawanywa kwa kuangalia kikomo chake: kukimbia tu si sawa na kukimbia maili moja, na vyote viwili si sawa na kufika kileleni.

Waingereza na Wamarekani wenyewe huvunja mpaka huo kwa makusudi. Kampuni ya McDonald's ilitangaza mwaka 2003 kaulimbiu yenye kitenzi "love" katika umbo la "-ing", ili penzi hilo lionekane ni la papo hapo, mtu akiwa bado anatafuna. Katika mtihani ni salama zaidi kuandika "I love".

Hata "be" hufanya hivyo. "He is polite" humaanisha adabu ni tabia yake. "He is being polite" humaanisha ana adabu kwa sasa, pengine kwa kuwa anataka mkopo.