Taasisi ya Uingereza ya Utafiti wa Antaktika na Vipimo vya Ozoni

Taasisi ya Uingereza ya Utafiti wa Antaktika, ijulikanayo kwa kifupi kama BAS, ni chombo cha umma chenye makao makuu mjini Cambridge. Chimbuko lake ni operesheni ya siri ya wakati wa vita, iliyoanza mwaka 1943. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1962.

Kazi iliyoipatia sifa kubwa zaidi ilifanyika katika kituo cha Halley, kilichoanzishwa mwaka 1956 juu ya bamba la barafu la Brunt, ambalo linaelea baharini. Hapo, mwaka hadi mwaka, watumishi walipima kiasi cha ozoni angani kwa chombo cha Dobson, kilichobuniwa miaka ya 1920 na ambacho hulinganisha nguvu za miale ya jua. Ilikuwa kazi ya kujirudiarudia, na kwa muda mrefu haikuonyesha jambo lolote la kushtua. Baadaye vipimo vya kila Oktoba vilianza kushuka. Mwezi Mei 1985, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza katika jarida la Nature kwamba ozoni juu ya kituo hicho ilikuwa imepungua kwa takriban theluthi moja. Bila kumbukumbu za miaka ya awali, upungufu huo usingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Tabaka la ozoni huzuia mionzi ya urujuanimno, ambayo husababisha saratani ya ngozi na kudhuru mazao. Itifaki ya Montreal ya kudhibiti gesi zinazoliharibu ilipitishwa tarehe 16 Septemba 1987, na imeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa. Masharti yake yanamfikia hata fundi majokofu wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye gesi aliyoizoea imeondolewa sokoni.

Halley yenyewe haijawahi kuwa mahali salama pa kujenga. Barafu ya Brunt husogea kuelekea baharini, na majengo ya kwanza yalifukiwa na theluji. Kituo cha sasa, cha sita, kilizinduliwa mwaka 2013. Kinasimama juu ya miguu yenye skii ili kiweze kuvutwa. Ufa mkubwa ulipokaribia, kilihamishwa umbali wa kilomita 23, na Januari 2023 kipande cha takriban kilomita za mraba 1,550 kikamegeka. Tangu mwaka 2017 hakuna mtu anayebaki hapo majira ya baridi, jua lisipochomoza kwa zaidi ya siku 100. Vyombo vinavyojiendesha hukusanya takwimu mpaka watumishi warejee kiangazi.