Leseni ya udereva na mambo yaliyojibanza ndani yake

Baadhi yenu mnajua kwamba nimehama Maryland na kuhamia huku Texas. Tangu nihame, jamaa wa nyumbani wananiuliza swali lile lile: mtu ana leseni halali ya udereva, muda wake haujaisha, kwa nini alazimike kuisalimisha na kuchukua nyingine? Kwetu Tanzania leseni uliyochukulia Mwanza unaendeshea mpaka Mtwara, na hata ukihamia Mtwara moja kwa moja hakuna wa kukudai nyingine. Jibu liko kwenye historia, na kwa sisi wauguzi wahamiaji historia hii inagusa mkate wetu wa kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jimbo. Hapa si jimbo la mbunge kama la kwetu. Ni kama nchi ndani ya nchi, lina gavana, bunge na mahakama zake. Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yalisema kuwa madaraka ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe. Wakati huo watu walipanda farasi. Magari yalipokuja, kila jimbo likajitungia sheria zake. Massachusetts na Missouri zilitangulia kudai leseni, mwaka 1903. Kupewa leseni hakukuwa na maana kwamba mtu amepimwa kama anajua kuendesha. Rhode Island iliweka mtihani mwaka 1908, na majimbo mengine yakajivuta. South Dakota ilisubiri mpaka 1954 kudai leseni, na mtihani ukaja 1959. Kwa hiyo baadhi ya wazee tunaowauguza leo, wenye miaka themanini na ushee, waliingia barabarani bila kupimwa na mtu yeyote.

Cha kufurahisha ni kwamba mwaka huo huo wa 1903, North Carolina ilipitisha sheria ya kwanza Marekani ya kusajili wauguzi. Leseni ya usukani na leseni ya sindano ni marika, na zote mbili zimelelewa na majimbo.

Sasa, kila jimbo likiwa na daftari lake, wajanja walipata mwanya. Dereva mlevi akinyang'anywa leseni hapa, anavuka mpaka na kuchukua nyingine kule. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1961 majimbo yakaanza kujiunga na mkataba wa kupeana habari za madereva, Nevada ikiwa ya kwanza. Msingi wake ni dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la jamaa zangu: leseni ya zamani huchukuliwa ili usibaki na mbili, na makosa yako ya barabarani yanahama pamoja nawe.

Lakini leseni haikubaki kuwa ruhusa ya kuendesha tu. Marekani haina kitambulisho cha taifa cha lazima kama hiki chetu cha NIDA, na kadi hii ikaziba pengo. California iliweka picha ya dereva mwaka 1958. Mwaka 1968, miezi michache baada ya Dk. Christiaan Barnard kupandikiza moyo wa mtu kule Cape Town, ilitungwa sheria ya mfano kuhusu kutoa viungo vya mwili, na majimbo yakaichukua. Leo unapoomba leseni unaulizwa kama ukifa viungo vyako vitumike. Mwaka 1993 Rais Clinton alitia saini sheria inayowezesha watu kujiandikisha kupiga kura wanapoomba leseni. Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Ilipobainika kuwa magaidi walikuwa na vitambulisho vya majimbo, Bunge likapitisha sheria ya REAL ID mwaka 2005, inayotaka uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa, makazi na uhalali wa kuwepo nchini. Utekelezaji uliahirishwa mara nyingi, mpaka ukaanza viwanja vya ndege Mei 7, 2025.

Na sisi wauguzi? Januari 1, 2000 mkataba wa leseni za uuguzi ulianza na majimbo manne: Maryland, Texas, Utah na Wisconsin. Leo umeenea karibu nchi nzima. Ukiwa na leseni ya mkataba unaweza kufanya kazi katika majimbo yote wanachama, lakini hutolewa na jimbo unaloishi kweli, na mojawapo ya ushahidi wa makazi ni leseni ya udereva. Tangu Januari 2, 2024, ukihamia jimbo jingine la mkataba una siku 60 za kuomba leseni ya uuguzi ya huko. Texas inampa mhamiaji siku 90 kubadilisha leseni ya udereva, na gari lisajiliwe ndani ya siku 30. California ni siku 10 tu kwa leseni ya udereva. Usisubiri siku ya mwisho, maana leseni moja inaibeba nyingine.

Hapa ndipo nawaomba, jamani, tusome kwa makini. Ile sheria ya 1993 imeweka swali la kupiga kura kwenye fomu ile ile ya udereva. Umetoka zamu ya usiku, macho mazito, karani anauliza haraka haraka, unaitikia ndiyo kwa kila kitu. Kama una grini kadi tu, wewe si raia. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 ilifanya kujidai raia kwa uongo, na kupiga kura kinyume cha sheria, kuwa sababu za mtu kufukuzwa nchini. Miaka yote ya kubeba boksi inaweza kuishia kwenye kisanduku kimoja kilichotiwa tiki. Jibu hapana, kisha kagua karatasi kabla ya kusaini.

Na msidhani kubadilisha leseni kunawaarifu watu wa uhamiaji. Hiyo ni serikali kuu, ina daftari lake. Asiye raia anatakiwa kuwajulisha anwani mpya ndani ya siku 10 kwa fomu ya AR-11, haina malipo.

Basi mkihama, fomu ya uhamiaji ianze, leseni ya udereva ifuate, na ya uuguzi isingoje siku ya sitini. Alamsiki.