Nyota mmoja, wachezaji watano: jinsi habari za mpira wa kikapu zinavyotengenezwa

Tarehe 16 Mei 2021, mjini Kigali, Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, maarufu kama BAL, ilichezwa kwa mara ya kwanza. Wenyeji Patriots waliwafunga Rivers Hoopers wa Nigeria pointi 83 kwa 60. Kwa klabu ya Rwanda, kushinda hivyo mbele ya bara zima si jambo dogo. Lakini jina lililozunguka duniani usiku ule lilikuwa la J. Cole, mwanamuziki wa rap kutoka Marekani, ambaye Patriots walikuwa wamemsajili. Katika mechi ile alifunga pointi 3. Aliondoka baada ya mechi tatu, akiwa na jumla ya pointi 5, na Patriots wakaendelea bila yeye hadi nusu fainali.

Ni rahisi kucheka. Hata hivyo, wahariri walijua wanachofanya: jina moja liliwafikishia BAL watu ambao wasingeisikia kwa njia nyingine. Makala haya yanaeleza tabia hiyo ilitoka wapi, inafanyaje kazi ndani ya chumba cha habari, na kitu gani kinapotea pale mchezo wa watu watano unaposimuliwa kama maisha ya mtu mmoja.

Ligi iliyojengwa juu ya majina

Mwaka 1980, NBA ya Marekani haikuwa na thamani kubwa kwenye televisheni. Mchezo wa sita wa fainali za mwaka huo, Los Angeles Lakers dhidi ya Philadelphia 76ers, haukuonyeshwa moja kwa moja katika miji mingi ya nchi hiyo. Kituo cha CBS kiliurekodi na kuurusha usiku wa manane. Ndio mchezo ambao Magic Johnson, kijana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza, alichukua nafasi ya Kareem Abdul-Jabbar aliyekuwa ameumia, akafunga pointi 42 na Lakers wakatwaa ubingwa. Wamarekani wengi walikuwa wamelala.

Dawa ilipatikana katika ushindani wa watu wawili. Magic na Larry Bird walikuwa wamekutana kwenye fainali ya vyuo vikuu mwaka 1979, na mechi ile ikatazamwa na watu wengi sana. Mwaka huohuo wote wawili wakaingia NBA, Magic kwa Lakers na Bird kwa Boston Celtics. David Stern alipokuwa kamishna wa ligi mwezi Februari 1984, hadithi ya kuuza alikuwa nayo mkononi. Miezi michache baadaye Chicago Bulls wakamchukua Michael Jordan, na mwaka 1985 Nike ikaingiza sokoni kiatu cha Air Jordan. Kiatu kile kilibeba jina la mtu, si la Chicago.

Hapa kuna tofauti na sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga. Kwetu mchezaji akihama, shabiki humzomea na kubaki na klabu yake. Kwenye NBA, mashabiki wengi humfuata mchezaji. LeBron James alipoamua kuondoka Cleveland tarehe 8 Julai 2010, ESPN ilimpa kipindi maalumu cha televisheni ili atangaze timu anayokwenda. Hakukuwa na mpira wala goli katika kipindi hicho. Ilikuwa habari ya mtu na kiti chake.

Pointi 63 za kufungwa

Mfano unaonielea zaidi ni wa Jordan mwenyewe, kwa sababu ndiye nyota aliyewazidi wote.

Tarehe 20 Aprili 1986, katika hatua ya mtoano, Jordan aliwafunga Boston Celtics pointi 63 nyumbani kwao. Hadi leo hakuna aliyefunga nyingi zaidi katika mchezo mmoja wa mtoano. Mchezo ule umerudiwa kwenye televisheni mara zisizohesabika. Kinachosahaulika ni matokeo: Bulls walifungwa 135 kwa 131 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, na Boston wakawatoa kwa michezo 3 kwa 0. Msimu uliofuata Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mchezo. Bulls wakatolewa tena na Boston, tena 3 kwa 0.

Mabadiliko yalikuja taratibu. Scottie Pippen na Horace Grant waliingia mwaka 1987. Phil Jackson akawa kocha mkuu mwaka 1989, na msaidizi wake Tex Winter akaleta mfumo wa pembetatu, ambao mpira huenda kwa aliye wazi kulingana na walinzi walivyosimama, bila kujali jina lake. Ubingwa wa kwanza ukaja mwaka 1991.

Tazama jinsi ubingwa wa tatu ulivyopatikana mwaka 1993 dhidi ya Phoenix Suns. Ulikuwa mchezo wa sita, na katika robo ya nne pointi zote 9 za Bulls zilikuwa za Jordan. Wako nyuma kwa pointi mbili, sekunde zinakwisha, na kila mtu uwanjani anajua mpira ni wa nani. Jordan akampa Pippen. Pippen akaingia katikati, walinzi wakamjia, akampa Grant chini ya kikapu. Grant hakujaribu kufunga, akarudisha mpira nje kwa John Paxson, aliyesimama peke yake nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mtupo ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 3.9, na mchezo ukaisha 99 kwa 98.

Jedwali la takwimu lilimpa Paxson pointi tatu na Grant pasi ya mwisho. Pippen, ambaye ndiye aliyeivunja ngome, hakuandikiwa chochote kwa tendo lile. Mwaka 2020, filamu ya sehemu kumi kuhusu Bulls ilipotikisa dunia wakati michezo imesimama kwa sababu ya korona, Pippen alilalamika kwamba imemtukuza Jordan na kuwafanya wengine wapambe. Mwaka uliofuata aliandika kitabu na kulirudia lalamiko hilo. Wengi walimwona mwenye wivu. Ukiirudia ile pasi ya 1993, utaona ana hoja.

Ndani ya chumba cha habari

Hakuna kikao ambacho wanahabari walikubaliana kuzika timu. Sababu ziko kwenye zana zetu za kazi.

Ya kwanza ni lile jedwali la takwimu. Pointi, ribaundi, pasi ya mwisho, kupora mpira, kuzuia mtupo: kila safu ina jina la mtu. Lakini kumwekea mlinzi kizuizi kwa mwili ili mwenzako apite, kuwahi kumsaidia mwenzako aliyepitwa, kukimbia kwenye kona ili mlinzi mmoja akufuate na kuacha njia wazi, hivi havina safu kwenye karatasi inayomfikia mhariri saa tano usiku. Asiye na safu hatajwi.

Ya pili ni kamera. Hufuata mpira, na mpira ukitulia hufuata uso. Marudio huanza pale mtupaji anaporuka, wakati bao lenyewe lilianza sekunde tano kabla, upande wa pili wa uwanja. Video fupi za kwenye simu zimebana zaidi, kwa kuwa sekunde kumi hazitoshi kueleza jinsi ulinzi ulivyovunjwa, lakini zinatosha kwa mtu mmoja kuning'inia kwenye kikapu.

Nasi wa redio tuko pabaya zaidi. Sauti yangu ina nafasi ya tendo moja kwa wakati mmoja, na tendo hilo ni la aliyeshika mpira. Nikitamka jina linalojulikana, msikilizaji aliye jikoni au kwenye bodaboda anaona picha papo hapo. Nikianza kumweleza mchezaji wa tano aliyemvuta mlinzi kona ya kushoto, mpira umeshakwenda upande mwingine.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu mchezo wenyewe. Kikapu kina wachezaji watano tu kila upande, na aliye bora anaweza kucheza dakika 40 kati ya 48 na kuugusa mpira karibu katika kila shambulizi. Uzito wa mtu mmoja hapa ni mkubwa kuliko kwenye soka. Kwa hiyo nyota si uongo wa vyombo vya habari. Tatizo ni pale anapokuwa maelezo pekee ya kushinda na kushindwa.

Fedha ikishaingia

Tarehe 29 Novemba 2012, San Antonio Spurs walikuwa wakimaliza safari ndefu ya ugenini. Kocha Gregg Popovich aliwarudisha nyumbani wachezaji wanne, wakiwemo Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili, kabla ya mchezo wa Miami uliokuwa unaonyeshwa nchi nzima. Waliobaki walipigana hadi dakika za mwisho na kufungwa 105 kwa 100. Kamishna Stern aliwaomba radhi mashabiki na siku iliyofuata akawatoza Spurs faini ya dola 250,000.

Fikiria maana yake. Timu ilileta kikosi halali, ikacheza vizuri, ikaadhibiwa kwa sababu nyuso zilizouzwa kwa televisheni hazikuwepo. Tangu msimu wa 2023–24 jambo hilo limo kwenye kanuni: NBA inaeleza nani anahesabika kuwa nyota, yaani aliyechaguliwa kwenye mchezo wa nyota au kikosi bora cha ligi katika misimu mitatu iliyopita, na timu hairuhusiwi kumpumzisha zaidi ya mmoja wao katika mchezo mmoja bila sababu inayokubalika. Mwaka 2024 ligi ilisaini mikataba ya haki za matangazo ya miaka 11 na Disney, NBCUniversal na Amazon, yenye thamani ya takriban dola bilioni 76. Anayelipa kiasi hicho anataka kuwa na hakika ya sura atakazoonyesha.

Na hesabu ya watazamaji inampa nguvu. Fainali za 1998, za mwisho za Jordan akiwa na Bulls, zilitazamwa Marekani na wastani wa watu milioni 29. Fainali za 2007, ambazo Spurs walishinda 4 kwa 0, zilipata kama milioni 9. Hoja hii hutolewa kila mara, ila wanaoitoa husahau kuwa LeBron James alikuwemo kwenye zile za 2007, upande wa walioshindwa. Jina peke yake halikutosha. Watu walitaka pia ushindani.

Timu zilizoshinda na kupitwa na habari

Mwaka 2004 Lakers waliingia fainali na Shaquille O'Neal, Kobe Bryant, Karl Malone na Gary Payton. Detroit Pistons wa kocha Larry Brown waliwafunga michezo 4 kwa 1. Nguzo yao ya ulinzi, Ben Wallace, ni mtu ambaye hakuna timu iliyomchagua alipotoka chuoni. Hadi leo fainali ile husimuliwa zaidi kama mwaka ambao Shaq na Kobe waligombana.

Spurs wa 2014 walifika mbali zaidi. Katika msimu mzima hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo, na bado walishinda michezo 62. Fainalini waliwafunga Miami 4 kwa 1, na katika nusu ya kwanza ya mchezo wa tatu asilimia 75.8 ya mitupo yao iliingia, kwa sababu pasi ziliwafanya watupe wakiwa wazi. Ubingwa ulipatikana Juni 15. Julai 11 LeBron akatangaza kurudi Cleveland, na Spurs wakaondoka kwenye vichwa vya habari.

Mwaka 2023 ilijirudia. Denver Nuggets waliwatoa Lakers 4 kwa 0 na kuingia fainali za NBA kwa mara ya kwanza katika historia yao. Usiku huo LeBron alidokeza kwamba huenda akastaafu. Unaweza kukisia habari gani ilitangulia asubuhi.

Hasheem Thabeet na swali letu

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Kwa muda mrefu habari ya kikapu nchini ilikuwa swali moja: amefunga ngapi?

Swali lile halikumfaa. Chuoni Connecticut alikuwa mlinzi, mara mbili akatajwa mlinzi bora wa ukanda wao. Memphis alikuta nafasi yake ina Marc Gasol, na pembeni kuna Zach Randolph. Msimu wa kwanza alipata kama dakika 13 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini kwa muda. Tulimpandisha kama nyota, kisha tukamshusha kama nyota aliyeanguka. Hapo katikati lilikuwepo suala la timu: inamhitaji nani, inacheza mfumo gani, na mlinzi anayejifunza anapata wapi dakika za kujifunzia. Kijana wa Makongo au wa Mwanza mwenye ndoto ya kikapu angenufaika na maelezo hayo kuliko na idadi ya pointi.

Takwimu za kusaidia sasa zipo. Tangu msimu wa 2013–14 kamera za kufuatilia kila mchezaji ziko katika viwanja vyote vya NBA, na tangu 2016 ligi hutoa hesabu za vizuizi vilivyozaa bao na pasi za wapinzani zilizoguswa na kuharibiwa. Kwa asiye na takwimu hizo, hata kwenye uwanja wa mtaani, kuna njia ya bure: kwa dakika tano usiangalie mpira. Mchague mchezaji mmoja asiye na jina, mfuate kila anapokwenda, na uhesabu mara ngapi mlinzi wake anashindwa kwenda kusaidia wenzake kwa sababu yake.