Mashine pepe “iliyo wazi”: wazi, kufikika, kufikiwa

Wazi (kivumishi na kielezi). Hali ya kutofungwa, kutofichwa au kutokaliwa.

Mlango ulio wazi haukufungwa. Jambo lililo wazi halihitaji ufafanuzi. Nafasi iliyo wazi haina mtu. Muktadha hutosha kutenganisha maana hizi, na kwa muda mrefu wingi wake haukumdhuru yeyote. Ugumu umejitokeza neno hili lilipoingia katika taarifa za usalama wa kompyuta. Sentensi kama *Mashine yetu haiko wazi kwenye mtandao* huandikwa na fundi, hutiwa saini na meneja na kusomwa na mkaguzi, kila mmoja akiwa na maana yake kichwani. Ndani ya mashine hiyo huenda mna majalada ya wagonjwa au matokeo ya wanafunzi.

Tuanze na mashine yenyewe. *Pepe* katika *barua pepe* limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza asili yake. Mkulima wa mpunga analijua *pepe* jingine, yaani punje yenye ganda lakini isiyo na kiini. Mashine pepe iliyokodiwa kwenye wingu ni kinyume chake: ganda la chuma halipo mikononi mwa mpangaji, ila kiini, yaani mfumo endeshi, programu, kumbukumbu na anwani, kipo kamili.

Neno *mtandao* nalo lina utata. Ni mfumo wowote wa kompyuta zilizounganishwa, na pia ni intaneti. Mashine inayofikika “kwenye mtandao” yaweza kuwa inafikika na majirani zake wawili tu, au na dunia nzima. Katika taarifa rasmi tunashauri *intaneti* litumike kwa maana ya pili bila kuona haya, na *mtandao wa ndani* kwa maana ya kwanza.

Kuhusu *bandari* kwa maana ya tundu la mawasiliano lenye namba, hilo ni kosa la kufuata tahajia ya Kiingereza, ambamo neno la mahali pa meli na neno la lango huandikwa sawasawa. Hapa linahusika lango, *mlango* linatosha. *Ukuta wa moto* nalo halijakaa vizuri. Katika ujenzi ni ukuta unaozuia moto usienee, lakini sikio la Mswahili husikia ukuta unaowaka. *Ngome* ni bora zaidi, na pwani yote inajua ngome ni kitu gani.

Kiini cha suala kimo katika kitenzi *fika*. *Wazi* hueleza hali bila kumtaja anayetazama. *Fikika*, kwa kiambishi chake cha kutendeka, humlazimisha msikilizaji kuuliza: kutoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo fundi anapaswa kulijibu, kwa kuwa mashine haiwi wazi yenyewe tu. Huwa wazi kwa mtu aliyeko mahali fulani. Tofauti za kauli zifuatazo, ambazo mwalimu wa sarufi angezipitia haraka, hapa zina uzito wa kisheria.

*Mashine inafika intaneti.* Yaani inaweza kwenda nje, kwa mfano kuchukua masasisho. Fundi akiwa ndani ya mashine akafungua tovuti fulani, amethibitisha hili tu. Mashine nyingi huenda nje kupitia kifaa cha kutafsiri anwani huku mgeni wa nje akiwa hana njia ya kuanzisha mazungumzo nazo.

*Mashine inafikika kutoka intaneti.* Hapa mgeni anaweza kuanzisha mazungumzo. Tuchukue EC2 ya Amazon. Ili mashine ifikike moja kwa moja kwa anwani ya toleo la nne, mambo kadhaa lazima yakutane: iwe na anwani ya umma, jedwali la njia la mtandao wake mdogo liwe na njia ya kuelekea lango la intaneti, kundi la usalama liruhusu mlango husika, orodha ya udhibiti ya mtandao mdogo isizuie, na ngome ya mfumo endeshi, kama ipo, ikubali. Kimoja kikikosekana, njia hiyo imekatika. Lakini kukatika kwa njia moja hakumalizi habari. Kisawazisha mzigo chenye anwani ya umma chaweza kumpitisha mgeni hadi kwa mashine isiyo na anwani yake ya umma, na anwani za toleo la sita zina kanuni zao, ambazo husahaulika mara nyingi.

Fundi anayetazama kutoka ndani hudanganyika kirahisi hapa. Katika EC2, mfumo endeshi huiona anwani ya ndani pekee, kwa mfano 10.0.1.25, hata pale mashine inapokuwa na anwani ya umma ya toleo la nne, kwa sababu tafsiri ya anwani hufanyika nje yake. Anayeorodhesha anwani akiwa ndani, akaona namba inayoanza na 10, kisha akaandika “haina anwani ya umma”, amesema zaidi ya alichokiona. Jibu hupatikana katika dashibodi ya mtoa huduma.

*Programu inasikiliza.* Amri `ss -tln` katika Linux huonyesha milango ya TCP inayosubiri wageni. Tazama anwani iliyo mbele ya namba ya mlango. 127.0.0.1 ni mashine kujisikiliza yenyewe, 0.0.0.0 ni kusikiliza kwenye kila anwani ya toleo la nne iliyo nayo. Sasa kumbuka kwamba katika kundi la usalama 0.0.0.0/0 ni mgeni kutoka popote. Sufuri zilezile upande mmoja zinamhusu mwenyeji na upande wa pili zinamhusu mgeni. Ni homonimu iliyozaliwa katika tarakimu, na nimewahi kusikia watu wawili wakibishana kwa muda mrefu bila kugundua kwamba kila mmoja alikuwa anazungumzia sufuri nyingine.

Ngome ya ndani isiaminiwe bila kupimwa. Docker, inapoagizwa kuchapisha mlango, huandika kanuni zake yenyewe, na trafiki hiyo hupita bila kuguswa na kanuni za `ufw`. Ukisoma `ufw` utaona mlango umezuiwa, mgeni atapita.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho hufanywa kutoka nje, na “nje” iwe nje kweli. Intaneti ya ofisini haifai ikiwa kundi la usalama limeiruhusu anwani ya ofisi. Bando la simu laweza kufaa zaidi. Programu ya nmap hutoa majibu makuu matatu, na tafsiri yake huleta matata. *Wazi*: programu imejibu. *Umefungwa*: hakuna programu inayosikiliza, lakini mashine imejibu kwamba hakuna. *Umechujwa*: hakuna jibu linalomwezesha mpimaji kujua. Wengi husoma *umefungwa* wakafurahi. Kumbe kwa kawaida mlango uliofungwa ni ushahidi kwamba pakiti ilifika na kurudi. Mashine inafikika, na siku programu itakapoanza kusikiliza hapo, mlango utakuwa wazi bila kanuni yoyote kubadilishwa. Tena, nmap isipoelekezwa hupima milango 1,000 tu ya TCP kati ya 65,535. `-p-` huipima yote, na `-Pn` huizuia isiiruke mashine isiyojibu salamu ya kwanza. Pima mashine yako, au uliyopewa idhini ya kuipima, basi.

*Mashine inaingilika.* Mgeni amefika, ameitikiwa, na hakuulizwa nywila. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizokuwa zimeachwa hivyo zilifutwa na wageni waliowaachia wenyewe ujumbe wa kudai fidia. Hakuna aliyehitaji kuwafahamu wenye mashine. Tangu 2013, programu ya ZMap ya Chuo Kikuu cha Michigan ilionyesha kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi inaweza kupima mlango mmoja katika anwani zote za umma za toleo la nne kwa chini ya dakika 45. Kusema “hakuna anayeijua anwani yetu” si hoja.

*Mashine imefikiwa.* Kauli ya kutendwa. Sasa yupo mtenda. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 humtaka mdhibiti wa data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu atambue kwamba data binafsi imefikiwa au kuchukuliwa na asiyeidhinishwa, pakiwa na hatari halisi ya madhara kwa mwenye data. Taarifa inayosema *ilifikika* imetaja uwezekano. Inayosema *ilifikiwa* imetaja tukio. Mwandishi akibadilisha herufi moja, ameanzisha saa hizo 72 au ameficha kwamba zimeanza. Kipimo cha milango hakiwezi kuthibitisha *haikufikiwa*. Kwa hilo hutazamwa kumbukumbu za trafiki na za uingiaji.

Angalia pia njeo. *Haifikiki* ni dai la kudumu, ilhali kipimo ni cha wakati mmoja, kutoka mahali pamoja. Umbo linalolingana na ushahidi ni *haikufikika*, likiambatana na wakati na mahali:

“Tarehe 3 Machi, saa 4 asubuhi, kutoka nje ya mtandao wa ofisi, milango yote ya TCP ya anwani 203.0.113.10 ilipimwa. Mlango 443 ulijibu. Mlango 22 ulionekana umefungwa. Mingine yote ilichujwa. UDP na anwani za toleo la sita hazikupimwa.”

Sentensi ya mwisho ya mfano huo ndiyo ambayo mameneja hupenda kuifuta. Ibaki.