Kashata na Matrekta

Kila nipitapo Nachingwea nikielekea Ruangwa hununua kashata za karanga. Karanga hukaangwa, sukari huyeyushwa sufuriani, vikachanganywa, vikatandazwa na kukatwa vingali vya moto. Kashata hutuliza njaa ya msafiri, na ndiyo mwenzi wa kahawa chungu.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, ukafika hadi Nachingwea. Walitaka mafuta ya kula kwao. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, lakini udongo na mvua hawakuvipima vya kutosha. Mwaka 1951 wakauacha, mamilioni ya pauni yamekwisha potea. Reli nayo baadaye iling'olewa.

Mama wa kashata yupo. Wapangao maendeleo leo, je, wamemwuliza?